Njia ya Chooni Isiote Nyasi

Kila aliyesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza anaijua sauti ya kondakta: "Wa kuchimba dawa, dakika tano!" Basi linaegeshwa pembeni mwa barabara. Wanaume wanashika upande huu, wanawake upande ule, kitenge kinashikwa huku na huku kiwe pazia, na baada ya muda kila mtu amerudi kwenye kiti chake, safari inaendelea. Ndani ya basi hilo hukosi mwalimu, muuguzi, mwanachuo, hata mtumishi wa halmashauri. Waulize kipindupindu kinaeneaje, watakutajia bila kusita: kinyesi, nzi, vidole, maji, chakula. Wote wanajua, na wote wametoka kichakani sasa hivi.

Nimeanza na basi kwa sababu linafichua kosa ambalo kampeni za usafi wa mazingira zimelirudia kwa miaka mingi. Tumeamini kwamba watu hawatumii choo kwa kuwa hawajaelimishwa. Tumechapisha mabango, tumeita mikutano ya hadhara, tumehubiri vijidudu na minyoo. Elimu hiyo ina kazi yake, lakini peke yake haijamtoa mtu kichakani. Mtu huacha tabia aliyokua nayo pale choo kinapogusa heshima yake, pale majirani zake nao wanapobadilika, na pale fundi, bei na udongo wa kwake vinapomruhusu. Kampeni isiyogusa hayo huishia kujenga vyoo vya kumwonyesha bwana afya.

Choo cha bwana afya

Maneno hayo si utani. Tangu enzi za ukoloni choo kimefika vijijini kikiwa amri. Ofisa anakuja, anakagua, asiye na choo anatozwa faini. Baada ya uhuru sheria ndogo ziliendelea kwa mtindo uleule, na zipo hadi leo. Amri ilizaa ilichokiomba: shimo fupi, fito mbili za kukanyagia, matete kuzunguka, basi. Mkaguzi akipita anaandika "kipo". Akiondoka, kuku wanatagia humo na jembe linahifadhiwa humo, familia inaendelea na migomba.

Ndiyo maana bwana afya mzoefu haishii kuuliza kama choo kipo. Hutazama njia inayokwenda chooni. Ikiwa imekanyagwa hadi udongo unang'aa, choo kinatumika. Ikiwa imeota nyasi, hata kama mlango una kufuli jipya, hapo hakuna choo.

Tanzania ilijaribu njia nyingine mapema. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga katika makundi ya usikilizaji, wakiongozwa na viongozi wapatao 75,000 waliopewa mafunzo. Kwa wiki 12 kundi lilikaa chini ya mwembe au darasani, likasikiliza kipindi, likasoma kitabu kwa sauti, likajadili, kisha likakubaliana la kufanya kabla ya kukutana tena: kufyeka vichaka, kufukia madimbwi, kuchimba vyoo.

Redio ilikuwa sehemu ndogo ya nguvu ya kampeni ile. Nguvu kubwa ilikuwa katika kundi. Ukisikiliza peke yako unajua tu. Ukiahidi mbele ya shemeji, jirani na mzee wa kitongoji kwamba wiki ijayo shimo litakuwa limefika futi sita, umejifunga. Makundi yalipovunjika, ahadi za namna hiyo zilikosa wa kuzidai. Nchi ikabaki na mashimo mengi na vyoo bora vichache, na hilo bado ni tatizo letu. Kaya nyingi za Tanzania zina kitu kinachoitwa choo, lakini sakafu haisafishiki, shimo halina mfuniko, mlango ni gunia, na pembeni hakuna maji wala sabuni.

Majivu, unga wa njano na glasi ya maji

Mwaka 2000 au karibu na hapo, mtaalamu wa Kihindi aitwaye Kamal Kar alikuwa akifanya kazi katika vijiji vya Rajshahi, Bangladesh. Mashirika yalikuwa yamegawa vyoo kwa miaka, na watu bado walikwenda mashambani. Kar akashauri msaada wa vyoo usimamishwe, na kijiji kisaidiwe kujitazama chenyewe. Hapo ndipo ulipoanzia mtindo unaoitwa usafi wa mazingira unaoongozwa na jamii. Ulifika Kenya mwaka 2007, na Jaribuni, katika Kilifi, kikawa kijiji cha kwanza nchini humo kutangazwa kuwa kimekomesha kujisaidia ovyo.

Siku ya uchechemuzi, yaani ya kukichochea kijiji, huwa hivi. Mwezeshaji anafika, anasalimia, hataji ugonjwa wala choo. Anaomba wanakijiji wamchoree ramani ya kijiji chao chini. Majivu yanakuwa barabara, jani linakuwa kisima, jiwe linakuwa msikiti au kanisa, na kila mtu anasimama palipo nyumba yake. Kisha anatoa unga wa njano na kuuliza: leo asubuhi mlikwenda wapi? Watu wanacheka, wanasukumana, wanaanza kunyunyiza. Mmoja anautupa karibu na mto, mwingine nyuma ya shule. Unga unaongezeka hadi ramani inageuka njano. Kicheko kinapungua chenyewe.

Halafu zinakuja hesabu. Tuseme kijiji kina watu 600, na wanakijiji wenyewe wanakadiria robo kilo kwa mtu kwa siku. Hiyo ni kilo 150 kila siku, karibu tani 55 kwa mwaka. Zinakwenda wapi? Kimya. Mwisho mwezeshaji anamimina maji safi kwenye glasi, anampa mama mmoja, naye anakunywa. Mwezeshaji anang'oa unywele kichwani, anaugusisha kwenye kinyesi kilichookotwa hapo karibu, anauchovya kwenye glasi ileile, anamkabidhi tena. Mama anakataa. "Nzi ana miguu sita," anasema mwezeshaji, "na kila mguu una vinyweleo." Hapo lazima atasimama mtu aseme kwa sauti: kumbe tunalishana mavi.

Hakuna mhadhara uliotolewa, wala kijidudu kilichotajwa. Lililofanya kazi ni kinyaa, na kinyaa kinatangulia elimu yote. Valerie Curtis, mwanasayansi wa London aliyefariki mwaka 2020, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba kinyaa ni kinga tuliyozaliwa nayo, na kwamba mawasiliano ya usafi yanayokipuuza yanajinyima silaha yake kali.

Makali mawili ya aibu

Silaha hiyo inakata pande zote mbili. Aibu inayowekwa katikati ya uwanja, ikawa ya kijiji kizima, huunganisha watu. Ikibandikwa mlangoni kwa mtu mmoja huumiza. Mara nyingi mlango wa mwisho kubaki bila choo ni wa bibi kizee anayelea wajukuu, wa mlemavu, au wa kibarua anayeishi kwenye ardhi ya watu. Anapopigiwa filimbi, kuzomewa au kunyimwa huduma ya ofisi ya kijiji hadi achimbe, anayebadilishwa tabia ni nani? Yeye hana wa kumchimbia. Nalisema hili kwa uzito: kampeni inayomdhalilisha aliye chini kabisa ili takwimu zifike mia kwa mia imeshindwa, hata ikitunukiwa cheti.

Haraka nayo ni adui. Mwaka 2011 Kenya iliweka lengo la kukomesha kujisaidia ovyo vijijini kote ifikapo 2013, na lengo halikufikiwa. Mwaka huohuo wa 2013 shirika la Plan International lilitoa matokeo ya ukaguzi wa vijiji vilivyokuwa vimetangazwa safi katika Kenya, Uganda, Ethiopia na Sierra Leone. Kaya 87 kati ya 100 bado zilikuwa na choo kinachofanya kazi, na hilo ni la kutia moyo. Lakini masharti yote yalipowekwa pamoja, yakiwemo maji na sabuni ya kunawia, mfuniko na usafi wa choo chenyewe, zaidi ya kaya 90 kati ya 100 hazikufuzu. Choo kilibaki, kunawa kukapotea. Kibuyu chirizi cha kunawia kilichoning'inizwa siku ya sherehe ya kutangazwa safi kilikauka, sabuni ikarudi ndani ya nyumba, na hakuna aliyerudi kuuliza.

Heshima ya mwenye nyumba

Kama aibu ni ya kuanzishia safari, heshima ndiyo ya kuendea. Kampeni ya Nyumba ni Choo, iliyozinduliwa na Wizara ya Afya ya Tanzania mwishoni mwa 2017, ilianzia kwenye jambo ambalo kila mtu analiona. Vijijini watu wanajenga: mabati mapya, matofali ya kuchoma, madirisha ya vioo, king'amuzi juu ya paa. Nyuma ya nyumba hiyo nzuri kuna magunia manne na shimo. Kampeni haikumtisha mwenye nyumba kwa kuhara. Ilimwambia kwamba nyumba yake haijakamilika. "Usichukulie poa, nyumba ni choo" ikasikika redioni, kwenye televisheni, kwenye maonyesho ya barabarani, na kwa sauti ya Mrisho Mpoto. Kwa mtu aliyetumia miaka mitano kununua bati moja moja, maneno hayo yanauma mahali panapostahili, kwa sababu yanasemea ndoto yake mwenyewe.

Nchini India jambo hili limepimwa kwa kunawa mikono. Katika utafiti wa vijiji 14 vya jimbo la Andhra Pradesh, kampeni iitwayo SuperAmma ilimweka mbele mama hodari anayemfundisha mwanawe adabu, na mtoto huyo akafanikiwa maishani. Haikuhubiri magonjwa. Kabla yake, wanaonawa kwa sabuni nyakati muhimu walikuwa karibu hawapo. Baada ya miezi sita walifika asilimia 37, huku vijiji ambavyo havijafikiwa vikiwa na asilimia 6. Mama alinawa kwa sababu ndivyo mama bora anavyofanya.

Nasi tuna urithi wa kuusimamishia ujumbe huo. Magofu ya Gedi, karibu na Malindi, yana vyoo ndani ya nyumba za mawe, vilivyojengwa karne nyingi kabla ya bwana afya wa kikoloni kuzaliwa. Mswahili ana msala, ana maliwato, ana birika la kutawadhia. Twahara ni sharti la swala kabla haijawa somo la afya. Anayewaambia watu wa pwani kwamba choo ni maendeleo yaliyoletwa na mradi anawanyang'anya kilicho chao. Akiwakumbusha kwamba nyumba ya wazee wao haikukosa msala, ameanzia mahali ambapo ujumbe unapokelewa.

Mkwe, mtoto na mchanga

Kuna vikwazo visivyotamkwa hadharani, na mawasiliano mazuri huanza kwa kuvisikiliza. Katika sehemu za pwani ya Kenya, kwa mfano, si adabu baba mkwe kuingia choo kimoja na mke wa mwanawe. Familia ikichimba choo kimoja kama ilivyoelekezwa, mzee atakwenda porini kwa kulinda heshima, na hatamwambia mgeni sababu. Utasikia tu: "Choo tunacho, mwanangu, tunashukuru." Mhudumu wa afya aliyezaliwa hapo anajua la kuuliza: na babu, yeye anatumia kipi? Jibu linaweza kuwa shimo la pili, au chumba cha pili chenye mlango unaotazama upande mwingine. Suluhisho ni la zege na miti, lakini limepatikana kwa swali la adabu.

Mtoto naye. Akina mama wengi huamini kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Hufagiliwa, hutupwa bustanini au huachiwa mbwa. Kumbe nacho hubeba vijidudu vya kuhara, na hubaki palepale uani wanapotambaa wenzake. Mtoto wa miaka mitatu anaogopa shimo refu lenye giza, na ana haki ya kuogopa. Kopo lenye mfuniko, au tundu dogo lililotengenezwa kwa ajili yake, linasema zaidi kuliko kipeperushi.

Udongo pia husema. Kwenye mchanga wa pwani shimo hubomoka kabla ya mwaka. Kwenye mbuga nyeusi hujaa maji wakati wa masika. Mtu aliyechimba mara tatu, mara tatu likatitia, hahitaji kuhamasishwa tena. Anahitaji fundi anayejua kujengea shimo kwa matofali au kulizungushia pipa, na anayeweza kumuuzia sakafu nyepesi ya zege, au lile bakuli la plastiki lenye kifuniko kinachojifunga chenyewe baada ya maji kumwagwa.

Ujumbe unaotembea na fundi

Ushahidi unatuonya tusitenganishe maneno na mfuko. Katika Tanore, Bangladesh, watafiti walifuatilia kaya zaidi ya 18,000 na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Uhamasishaji peke yake haukuongeza umiliki wa vyoo bora. Ulipoambatana na ruzuku kwa maskini, umiliki uliongezeka kwa pointi 22 za asilimia kati ya waliopewa, na kwa pointi 8.5 kati ya majirani zao ambao hawakupewa. Jirani alipoona jirani anajenga, naye alijenga. Anayesema ruzuku huua ari ya jamii anasema kweli juu ya vyoo vya bure visivyoombwa na mtu. Maskini aliyekwisha kuamua, akapungukiwa mifuko miwili ya saruji, ni habari tofauti kabisa.

Tanzania nayo ina kipimo chake. Programu iliyounganisha uchechemuzi na uuzaji wa vifaa vya vyoo ilijaribiwa katika wilaya 10 za vijijini. Waliofikiwa walikuwa na vyoo vilivyoboreshwa kwa asilimia 51, wasiofikiwa asilimia 38.6. Waliokuwa na mazoea ya kujisaidia nje walikuwa asilimia 11.1 dhidi ya 23.1. Hayo ni mageuzi makubwa kwa muda mfupi. Hata hivyo afya ya watoto haikuonyesha tofauti ya kupimika.

Tusiogope kulisema hilo. Utafiti mkubwa uliofanywa Kakamega, Bungoma na Vihiga, na mwingine wa Zimbabwe, ulionyesha kwamba vyoo vya kawaida na kunawa mikono havikuongeza urefu wa watoto kama ilivyotarajiwa. Nchini Mali, vijiji vilivyochechemuliwa vilipata watoto warefu zaidi, ingawa kuhara hakukupungua. Sababu zinajadiliwa bado, lakini somo liko wazi kwa mwenye kuandaa kampeni: asiahidi zaidi ya choo kinachoweza kutoa. Vijidudu vina njia nyingi, zikiwemo mifugo inayolala na watoto na maji ya kisima kisichofunikwa. Choo ni mwanzo wa lazima. Kukiita dawa ya kila kitu ni kuandaa siku ambayo mama atauliza: choo nilijenga, mbona mtoto bado anaumwa? Na sababu za ukweli zinatosha: usiri, usalama wa binti anayengoja giza liingie ndipo atoke, utu wa mgonjwa na mzee, mgeni kupokewa bila fedheha.

Mjini ni habari nyingine

Mjini swali si kama choo kipo. Ni kwamba kinyesi kinakwenda wapi. Mvua kubwa zikinyesha Dar es Salaam, wapo wanaotapisha vyoo: wanatoboa shimo, mafuriko yanabeba. Wengine huwaita vyura, vijana wanaoingia shimoni kwa miguu yao usiku na kuchota kwa ndoo. Anayelaumiwa ni mpangaji, lakini mpangaji hana mamlaka ya kujenga, na gari la maji taka halipiti kwenye kichochoro chake. Hapa ujumbe unapaswa kumlenga baba mwenye nyumba na halmashauri. Kumwambia mpangaji wa chumba kimoja "badili tabia" ni kumtwisha mzigo usio wake.

Kinachobaki baada ya sherehe

Wakati mwingine tabia haihitaji hata maneno. Katika shule mbili za Bangladesh watafiti walipaka rangi njia kutoka chooni hadi penye maji, wakachora nyayo juu yake na viganja penye sehemu ya kunawia. Kabla ya hapo, wanafunzi 4 kati ya 100 walinawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni. Kesho yake walikuwa 68, na wiki sita baadaye 74. Sabuni ilikuwepo, maji yalikuwepo, na mguu wa mtoto ulifuata unyayo.

Kisa hicho kinabeba karibu yote ninayotaka kusema. Ujumbe uliwekwa mahali na wakati mwili unapouhitaji, na huduma ilikuwa tayari ikingoja. Ndivyo ilivyo pia kwa wakubwa. Serikali inayotaka raia waamini kwamba nyumba ni choo ianze na choo cha stendi, cha soko, cha zahanati na cha shule, kiwe na maji na mlango unaofungika. Hadi hapo, kila anapolitumia kondakta lile neno "dawa" anatoa tangazo linalosikika kuliko redio zote, kwamba porini panaruhusiwa. Bajeti ya kampeni nayo ihesabiwe hadi mwaka wa tatu, maana sherehe ya kukabidhi cheti ni ya siku moja, na kibuyu chirizi kinahitaji kujazwa kila asubuhi. Fedha nyingi kiasi ziende kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayeishi hapo, anayejua nani ni mkwe wa nani, na atakayekuwepo shimo litakapojaa.

Ukitaka kuipima kampeni yoyote, nenda siku ambayo hukutangaza, baada ya masika, wakati vichaka vimestawi na kujificha ni rahisi. Usiulize swali lolote kwanza. Zunguka nyuma ya nyumba, utazame njia ya chooni. Pale palipokanyagwa na mama, na mtoto, na babu kwa mlango wake, nyasi hazioti.